Estrea Wawili

Ijumaa ya kwanza Bi Ninetta Kapeta alipogonga mlango wetu, alibeba sinia la sambusa za biringani lililofunikwa kitambaa cheupe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa. Akasema Estrea amemletea baba sambusa. Nikamjibu kwamba Estrea ni mimi, na mimi sijaleta kitu.

"Siyo wewe, dada," akasema. "Yule mdogo."

Akanipita hapo mlangoni, bangili zake zikilia, akaenda moja kwa moja sebuleni na kukaa kwenye kiti cha marehemu mama yangu. Mimi nikabaki na mkono kwenye kitasa.

Yule mdogo ni binti wa kwanza wa baba. Alizaliwa hapa hapa Saloniki kabla ya vita. Wajerumani walipokuja kuwasomba Wayahudi wa mji huu, walimpakia kwenye treni pamoja na baba na mama yake, akiwa na miaka mitano, wakawapeleka Poland, Auschwitz. Mtoto na mama yake waliuawa siku ile ile waliyofika. Baba alikuwa kijana mwenye mabega, akawekwa kando afanyishwe kazi, na vita vilipokwisha akarudi peke yake. Akamwoa mwanamke mwingine aliyerudi peke yake, wakanizaa mimi.

Sasa, kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Ndivyo wazee wetu walivyofanya tangu walipofukuzwa Hispania, na hakuna anayeuliza kwa nini. Bibi yangu aliitwa Estrea. Basi yule akaitwa Estrea, na mimi, niliyekuwa wa kwanza kwa mama yangu, nikaitwa Estrea. Nilipozaliwa jina langu lilikuwa limeshavaliwa.

Na baba hakuwa amepata kuniita kwa jina hilo hata siku moja. Alikuwa akiniita "mama", kama wanavyofanya wanaume wengi wa kwetu kwa binti aliyechukua jina la mama yao. Majirani husikia na kuona utamu. Mimi sikuona utamu wowote. Nilipokuwa msichana niliwasikia baba za wenzangu wakiwaita kutoka barazani, Reyna, Luna, Palomba, njooni mle, nami nikisikia "mama" nilijua kabisa kwamba jina lipo, ila limefungiwa kabatini kwa ajili ya mwenyewe. Nimemwonea wivu mtoto wa miaka mitano maisha yangu yote. Nina mvi, nina magoti mabovu, na yeye bado ana miaka mitano, hajawahi kuunguza maharage, hajawahi kujibu kwa ukali, hajawahi kuolewa na mtu ambaye baba hakumpenda. Nishindane naye vipi?

Lakini wivu wa kumwonea maiti mtu huuzoea. Wa Ninetta ulikuwa mpya, nao ulinichoma kama mafuta ya moto.

Yote yalianzia ukutani. Jumuiya yetu ya Wayahudi iliamua kwamba ukuta wa nyuma wa klabu yake, ule unaotazama kichochoro, ufunikwe kwa vigae, kila kigae kwa ajili ya mmoja wa waliouawa. Kazi alipewa Pepo Saltiel, mfinyanzi, ambaye miaka yote alitengeneza sahani zenye picha ya mnara wa mji za kuwauzia watalii. Pepo alizitangaza kanuni zake kana kwamba ameshuka nazo kutoka Sinai. Kwanza, hakuna kumtengenezea kigae ndugu yako. Unachukua maiti wa mwenzio, ili kila aliyekufa apate mtu mmoja zaidi wa kumlilia. Pili, kigae hakibandikwi mpaka uwe umetenda wema kwa jina la huyo mtu, na uutende kana kwamba ni yeye anayeutenda. Husemi "nimekuletea supu". Unasema fulani amekuletea supu. Tatu, siku ya kubandika, ndugu wa marehemu ataliita jina kwa sauti, halafu watu wote watanyamaza, kwa kuwa hakuna wa kuitika. Kigae kitabandikwa ndani ya kimya hicho.

Majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa kwenye sufuria ya shaba, kila mtu akachota. Mimi nilimpata Shimon Alvo, hamali wa bandarini, asiye na mke wala mtoto. Ninetta akafunua chake na kusoma kwa sauti: Estrea Florentin. Watu wote wakanigeukia mimi. Mzee mmoja akaniambia pole.

Nilimfuata Pepo pembeni nikamwomba atubadilishie. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Wa kwako humchukui, Estrea. Ukitaka kumlilia ndugu yako, una nyumba na una mto wa kulalia. Hapa tunalia kwa jirani."

"Huyo anajua nini? Mtu wa Volos!"

"Basi atajifunza," akasema Pepo, akaendelea kukanda udongo wake.

Nieleze kidogo habari ya Volos, mji ulio chini ya milima. Huko Wayahudi wengi walifichwa milimani na wanavijiji, wakapona. Ninetta alizaliwa kwenye zizi la mchungaji wakati wa vita, na ukoo wake mzima ulishuka mlimani hai, nadhani hata na mbuzi wao. Aliolewa huku kwetu, akafiwa na mume kwa ugonjwa wa kawaida wa moyo. Anapaka rangi ya mdomo hata akienda sokoni kununua bamia. Mtu kama huyo ndiye aliyekabidhiwa dada yangu.

Wengine walitenda wema wao mara moja, yakaisha. Mmoja alimpelekea mgonjwa magazeti, mwingine alimshonea mtu pazia. Ninetta aliamua kwamba Estrea mdogo angependa kumtunza baba yake, kwa hiyo kila Ijumaa mchana akawa anakuja na chochote. Wiki hii sambusa, wiki ijayo wali wa maziwa wenye mdalasini, ijayo samaki wa limau. Baba anavila vyote na kulamba kidole. Mimi nimempikia baba huyo tangu mama alipofariki, na shukrani niliyozoea ni kuulizwa kama chumvi imepanda bei.

Hata hivyo chakula ningekimeza. Kilichonishinda ni maneno. Ninetta alikuwa akimuuliza, na baba alikuwa akimjibu. Mimi nipo jikoni natoa mawe kwenye dengu, mlango uko wazi kidogo, nasikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba yule mdogo aliwaogopa farasi wa muuza barafu. Kwamba asubuhi alimtilia baba maharage mabichi ndani ya viatu, ili achelewe kuyatoa na asiende kazini. Baba aliposimulia hilo alicheka, kicheko cha tumboni, cha kijana. Sikujua kwamba ana kicheko kile. Nilisimama na sahani ya dengu mkononi, nikahisi nimekuta mlango wa chumba kingine ndani ya nyumba niliyoifagia miaka yote.

Ijumaa nyingine ikawa habari ya mayai. Kwetu Sabato haiendi bila mayai yaliyochemshwa usiku kucha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa ya kahawia. Baba akamwambia Ninetta kwamba yule mdogo hakupenda kiini, alikuwa akikitoa kwa vidole na kumpa baba yake, kwa hiyo kila Jumamosi baba alikula viini viwili. Mimi ndiye ninayemmenyea baba mayai yale. Kila Jumamosi namwona akianza na kiini, amefumba macho, anatafuna polepole, nami nikadhani ndivyo anavyoyapenda mapishi yangu. Siku hiyo nikajua alikuwa akikaa meza ya nani.

Niliuweka ungo wa dengu chini kwa kishindo. Kule sebuleni wakaendelea na mazungumzo yao.

Kigae changu mimi kilikuwa hakijaanzwa. Pepo alinitumia salamu za kunisuta kila Jumatatu. Mwishowe nikaenda, shingo upande, nikafinyanga mgongo wa mwanamume na kamba begani. Pepo akauliza kama ni gunia la viazi. Nikamwambia ni hamali, akasema hamali wangu anahitaji kiuno. Nikampa kiuno.

Ulibaki wema wa Shimon. Nilifikiri hamali angefanya nini, nikaona angebeba mzigo, kwa hiyo nikamvizia Bi Despina, Mkristo wa ghorofa ya nne, anaporudi sokoni na mifuko yake. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa tangu Pasaka yao. Nilimnyang'anya mifuko nikapanda nayo ngazi zote, magoti yakinilaani, na juu nikamwambia ilivyo kanuni: Shimon Alvo amekubebea.

"Shimon ndiye nani?"

"Hamali wa bandarini. Aliuawa na Wajerumani."

Bi Despina akafanya ishara ya msalaba. Kisha akafungua mfuko mmoja, akachagua chungwa zuri kuliko yote na kunipa. "Mpe Shimon," akasema. "Na umwambie Jumatano nanunua viazi."

Nilishuka nikicheka peke yangu. Nikarudi Jumatano, na Jumatano iliyofuata. Sikumjua Shimon, sikujua alikuwa mrefu au mfupi, lakini mabega yaliponiuma nilijikuta nikisema moyoni, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa, ndugu yangu. Nilifurahi kumfanyia kazi mtu ambaye hakuwa amenichukulia kitu. Basi nikielewa hivyo kwa Shimon, ningeelewa hivyo hivyo kwa Ninetta, sivyo? La. Ijumaa ilipofika na bangili zikasikika ngazini, wivu ulirudi pale pale.

Siku alipoleta kigae chake kumwonyesha baba, ndipo nilipolipuka. Alikuwa amefinyanga kiatu cha mwanamume, na maharage yanamwagika kutoka ndani yake. Hakuna uso, hakuna nyota, hakuna moto wala waya wa miiba kama wengine walivyoweka. Ni kiatu tu na maharage. Kilikuwa kizuri, nami nilikichukia kwa uzuri wake. Baba alilipapasa kila harage kwa kidole kimoja. Ninetta alipoaga nikamfuata ngazini, nikavuta mlango nyuma yangu.

"Unataka nini kwa baba yangu? Kama unataka kuolewa, sema, nikupishe chumba."

Hakukasirika. Hilo nalo liliniudhi.

"Estrea, mimi siku ya kumbukumbu hukaa kiti cha nyuma," akasema. "Kila mtu ana wake wa kumwashia mshumaa. Mimi wangu wote walishuka mlimani. Nakaa pale kama mtu aliyeingia msibani kwa kukosea nyumba."

"Kwa hiyo umeazima wangu."

"Nimepewa. Ila niambie, wewe umewahi kumuuliza baba yako habari zake?"

Nikamwambia ashuke taratibu, ngazi zina maji.

Kweli sikuwahi. Katika nyumba yetu kutouliza kulikuwa ni adabu ya kwanza. Mama alinifundisha kabla sijafundishwa kunawa: baba akikaa dirishani, pita kwa ncha za vidole, baba akiacha kula, ondoa sahani bila neno. Nilinyamaza kwa kumpenda. Nilinyamaza vizuri kuliko mtu yeyote, miaka yote hiyo, na sasa amekuja mtu mwenye rangi ya mdomo, ameuliza tu kama mtu anayeuliza bei ya bamia, na akapewa kila kitu. Ningeweza kuvunja vyombo.

Jioni ile ile nikamwuliza. Nilimwekea chai, nikakaa mbele yake.

"Baba, nisimulie habari za yule mdogo."

Nikaona kitu kinapita machoni pake, kama hofu hivi, kisha kikafungwa.

"Mambo ya zamani hayo, mama," akasema. "Chai imepoa. Nipashie."

Nikampashia. Nililia jikoni, bomba likiwa wazi ili asisikie. Nilikuwa nimepata jibu langu: Ninetta alistahili kujua, mimi sikustahili. Na kulikuwa na jambo moja lililosalia, ambalo nililing'ang'ania kama mtu anayezama. Katika Ijumaa zote zile, hata mbele ya Ninetta, baba hakuwahi kulitamka jina. Alisema "yule mdogo", alisema "mtoto". Jina lenyewe hakuna aliyekuwa amelipata, si mimi wala mwingine.

Ila siku ya kubandika angetakiwa aliite. Yeye ndiye ndugu. Pepo alikuja kuniambia kwamba kama mzee atashindwa, mimi naweza kuita badala yake. Nikasema tutaona. Sikulala vizuri wiki hiyo. Niliogopa kwamba atashindwa, aaibike mbele ya watu, mzee wa watu. Lakini niliogopa zaidi kwamba ataweza. Kama atalitoa jina lile kwa ajili ya marehemu, baada ya kuninyima mimi niliye hai tangu nizaliwe, basi mambo yatakuwa yamekwisha. Nitajua kwa uhakika kwamba jina niliazimwa tu, na mwenyewe amekuja kulichukua.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, baridi ya kwanza kwanza. Kichochoro kilijaa watu. Baba alivaa koti lake zito na kofia, Ninetta akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, na tukaenda hivyo, yeye katikati kama mfungwa. Pepo alikuwa amevaa tai, na mikono yake bado ina udongo kwenye kucha. Vigae vilipangwa mezani.

Shimon hakuwa na ndugu, kwa hiyo Pepo mwenyewe ndiye aliyemwita. Shimon Alvo! Watu wakanyamaza. Nilikibandika kigae changu, nikakikandamiza kwa viganja viwili, na katika kile kimya nikamwambia moyoni kwamba Jumatano nitakuwepo ngazini kama kawaida. Bi Despina alikuwepo pia, nyuma kabisa, na kilemba chake cha kwendea kanisani.

Walifuata wengine. Kila mara jina, kimya, kigae. Kisha Ninetta akachukua kile kiatu chenye maharage, akakipaka saruji nyuma, akasimama ukutani akingoja. Pepo akamwinamia baba na kumwuliza kitu sikioni. Baba akatikisa kichwa kwamba hapana, hataki mtu wa kumsaidia. Akauachia mkono wangu. Akavua kofia, akakumbuka kwamba kwetu kichwa hakiachwi wazi pahali kama pale, akaivaa tena.

Nilitarajia atanong'ona. Baba akavuta pumzi na kuita kwa sauti ambayo watu huitia mtoto aliyepotea sokoni.

"Estrea!"

Sauti ilienda mpaka mwisho wa kichochoro. Kwa mara ya kwanza nililisikia jina langu katika kinywa cha baba yangu, na halikuwa kwa ajili yangu. Mbele yangu Ninetta alikuwa ameinua kigae. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wameanza kunyamaza, na kimya kile kilikuwa mali ya yule mdogo, kama ilivyokuwa mali yake kila kitu.

Sitasema kwamba ilinitoka kwa bahati mbaya. Niliitika kwa wivu, na si kwa kitu kingine.

"Abee, baba."

Vichwa vikainuka. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba huyu mama amerukwa na akili. Pepo alinitolea macho. Ninetta akabaki na kigae hewani. Mashavu yaliniwaka, lakini sikurudi nyuma. Lilikuwa jina langu, nilikuwa nimelisubiri, na mtu akiitwa huitika.

Baba aligeuka polepole, miguu kwanza, kisha mwili. Nilijiandaa kupokea hasira yake.

"Umeitika," akasema.

"Umeniita, baba."

Akanisogelea, akanishika kwa mikono miwili hapa juu ya viwiko, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Alisema polepole, na ingawa alikuwa akisema nami, kichochoro kizima kilisikia.

"Kule, tuliposhushwa kwenye treni, watu wengi, mbwa, makelele. Wakanivuta huku, wao wakapelekwa kule. Niliita. Niliita jina hili mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyeitika. Ulipozaliwa nikasema apewe la mama yangu, ndiyo desturi. Lakini kukuita... Je, kama ningekuita halafu kukawa kimya? Ningefanya nini mimi?"

"Nilikuwa chumba cha pili tu, baba," nikamwambia. "Ningeitika."

"Sasa najua," akasema. Kisha, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu, kwa sauti ndogo: "Estrea."

"Abee."

"Estrea."

"Abee, baba."

Aliniita tena na tena, nikaitika kila mara. Hakuna aliyetuharakisha. Nilikuwa nimeshinda. Najua si neno la kusema mahali kama pale, lakini ndilo nililokuwa nalo: nilikuwa nimeshinda, baba alikuwa ananitazama mimi, ameupa mgongo ukuta. Nilitaka Ninetta aone, nikatazama kule kuona kama anaona.

Alikuwa amesimama vile vile, mikono imeanza kumchoka, amekiinua kile kiatu. Saruji ilikuwa inakauka pembeni. Na nikaona kwamba mtoto ameitwa na baba yake, mara moja tu, baada ya muda wote ule, na zamu yake nimeichukua mimi. Mimi niliyelelewa, nikalishwa, nikazeeka. Miaka mitano tu aliyopata, nami bado nikampokonya kimya chake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumfikiria kama mtoto mdogo, mdogo kuliko wajukuu zangu, anayewaogopa farasi.

Nikamgeuza baba taratibu, nikamwelekeza ukutani.

"Sasa mwite yeye," nikamwambia. "Mimi nitanyamaza."

Alinitazama kutaka uhakika. Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta pumzi, akaita, kwa sauti ile ile ya mwanzo, na mwili wangu wote ukataka kujibu. Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Ninetta akabandika kigae na kukikandamiza. Tukasimama tunasikiliza, baba na mimi, na hakuna aliyeitika.